Lori Tulilolinunua Kama Mtumbwi

Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa chumvi nainuka na kutoka nje. Wake za wanangu wanadhani ni maringo ya uzee. Wananipikia kando, wanacheka chinichini, nami nawaacha wacheke. Nikianza kuwaeleza itabidi nieleze yote: jinsi nilivyolala chali chini ya lori mchana kweupe, nikaona kila kitu kwa macho yangu, kisha nikatoka na kumdanganya baba yangu usoni.

Baba alikuwa mtu wa mto. Alizaliwa upande wa Isangi, akaja Kisangani na mitumbwi miwili, na kabla ya uhuru alikuwa ameshapata boti kubwa ya mbao yenye injini. Boti hiyo ilileta mchele kutoka Yanonge, na mara nyingine ilipanda hadi Opala. Ilitulisha, ikatuvika, ikanisomesha. Hatukuwa na kingine.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na malori yao yakabaki mikononi mwa watu. Mji mzima ukashikwa na wazimu wa malori. Mtu asiyejua hata kufungua boneti alikuwa akikaa na chupa yake ya bia na kuzungumzia gia. Baba naye akaambukizwa. Alisema mto ni wa wazee, barabara ndiyo ya watu huru, na akaamua kubadilishana: atoe boti, apewe lori. Lori likiwa zima tungeishi vizuri kuliko zamani. Likiwa bovu, hatungekuwa na lori wala boti, na mama angerudi kuuza pondu, yale majani ya muhogo, sokoni.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi nilivuka kwa pirogi, mtumbwi wa kasia, na kazi yangu yote ilikuwa kupambana na kutu. Nilijua kutu ya juu juu, ile unayoifuta kwa brashi na kuisahau, na nilijua ile nyingine inayokula kutoka ndani huku nje kukiwa kuzuri. Kwa sababu hiyo baba alinichukua siku ya kwenda kuangalia lori.

“Mutoto yangu anajua chuma,” alimwambia muuzaji. “Yeye njo ataangalia.”

Muuzaji alikuwa karani wa zamani wa shamba la kahawa, ambaye bosi wake alikimbia na kumwachia gari badala ya mishahara. Alikuwa na mikono laini na manukato mengi, na tabasamu lisilopumzika. Simsingizii, sikumpenda tangu aliponipa mkono. Lori lake lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, mbichi kabisa. Alikuwa amepaka hadi nati za magurudumu. Mtu anayepaka rangi nati za magurudumu hakuuzii gari, anakuuzia rangi.

Nilitandika gunia, nikaingia chini kwa mgongo.

Chini ya lori kuna vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele hadi nyuma. Hivyo ndivyo chasi, na kila kitu kinakaa juu yake: injini, kibanda cha dereva, mzigo, watu. Vile vilikuwa vimepakwa lami nene, bado inanata. Nikakwangua kwa spana. Kabla ya kuona chochote, nilisikia harufu. Samaki wa chumvi. Lori hilo lilikuwa limebeba samaki na magunia ya chumvi kutoka bandarini kwenda shambani, chakula cha vibarua, kwa miaka, na maji ya chumvi yalikuwa yakichuruzika kati ya mbao, usiku na mchana, juu ya chuma kile. Kutu ikaanza kunidondokea machoni na mdomoni, tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Nikatema. Ikazidi kudondoka.

Pale springi ya nyuma inaposhikwa na chasi, nilisukuma kidole gumba. Kikaingia. Sikutumia nguvu. Kilizama hadi kiungo cha kwanza, kikakutana na kitu laini. Nikakichomoa kidole na kukiangalia. Ilikuwa sabuni. Yule bwana alikuwa amejaza matundu kwa matambara na sabuni ya kufulia, akayafunika kwa lami. Kidole changu kilikuwa na sabuni, na kutu, na uozo wa samaki, na mguu wa mende. Nilikifuta kwenye gunia. Nilikuwa nimeona meli zilizozama zikiwa na chuma bora kuliko kile.

Nikiwa bado chini, matone yakaanza kunidondokea kifuani. Nilifikiri ni mafuta. Ilikuwa mvinyo wa mchikichi.

Kwetu, chombo kipya cha mto hunyweshwa. Mwenye nyumba humwaga mvinyo puani mwa mtumbwi, anasema maneno machache, na tangu hapo chombo hicho ni mtu wa nyumbani. Hakisemwi vibaya. Ukikisema vibaya baada ya kunyweshwa, unawatakia mabaya hao watakaopanda. Baba, kwa haraka yake, alikuwa amekuja na kibuyu chake, na bila kungoja nitoke alikuwa ameshalinywesha lori kama anavyonywesha mtumbwi.

Nikatoka. Walikuwa wamesimama wawili, baba na muuzaji, kibuyu kiko chini kimeinama.

“Alors? Umeona nini?” baba akauliza.

“Iko kutu, papa. Pale nyuma. Iko na tundu.”

Muuzaji akacheka hadi akajishika tumbo. “Kutu! Mzee, camion yenye haina kutu njo ile haijatumika!”

Baba hakucheka. Alinijibu taratibu, kama anayenifundisha kitu cha ukoo. “Tundu inazibwaka. Pirogi yangu ya kwanza ilikuwa na matundu saba. Nililisha batoto bote nayo.”

Hapo ndipo tulipopotea, na hakuna aliyetupoteza ila sisi wenyewe. Mtu wa mto anajua tundu moja tu: lile linaloingiza maji. Unaliona, unaliziba kwa kitambaa na lami, unaendelea na safari, na mtumbwi unaishi miaka mingine kumi. Tundu la chasi haliingizi kitu. Halina dalili ya kukutisha. Linaondoa nguvu tu, kidogo kidogo, na siku moja nguvu imekwisha. Baba hakudanganywa na yule karani. Alilisikia neno tundu, akajua la kufanya, na alilolijua lilikuwa la majini.

Mimi nilijua tofauti. Mimi peke yangu katika uwanja ule. Ningeweza kumshika mkono, nimpeleke chini, nimwekee kidole chake mle ndani. Lakini mvinyo ulikuwa umeshamwagwa, na kumtia baba aibu mbele ya mtu yule kulinishinda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu. Sasa ni mzee, sina haja ya kujitia hamnazo: nilinyamaza kwa sababu dereva nilikuwa mimi. Baba alikuwa ameniahidi usukani. Nilikuwa nimechoka na moto wa karakana na kuvuka mto kila alfajiri, na usiku uliotangulia nilikuwa nimejiona kabisa nimekaa mle, kiwiko dirishani, wasichana wa mji wakigeuka. Puu! Kwa kiwiko dirishani nikaiuza boti ya baba yangu.

“Itatembea?” baba aliniuliza kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu.

“Itatembea, papa.”

Ikatembea kweli, na hilo ndilo lililonizidishia kinyaa. Tulifanya kazi barabara ya Bafwasende, kwenda na mafuta na nguo, kurudi na mchele na ndizi. Baba alikaa pembeni yangu amevaa kofia yake ya safari, akisalimia kila kijiji. Baada ya miezi michache mlango wa dereva ukaanza kukataa kufunga. Ilibidi niupige kwa bega. Nilielewa mara moja: chasi ilikuwa inainama katikati, na kibanda kinapindika nayo.

“Ni mvua,” baba akasema. “Mulango imevimba.”

Mlango ulikuwa wa chuma. “Ndio, papa,” nikajibu, “ni mvua.”

Kuchomelea nisingeweza. Chuma kilichokwisha hakishiki moto, ukikigusa kinatoboka zaidi. Ilihitajika kukata kipande kizima na kutia kipya, na karakanani chupa za gesi zilikuwa tupu tangu mafundi wakubwa walipoondoka. Kwa hiyo tulifanya kama watu wa mtumbwi. Baba alichemsha lami uani huku akipiga mluzi. Mimi nililala chini, nikakongoa sabuni ya karani, nikashindilia matambara ya mama na vipande vya debe, nikapaka. Nilipaka vizuri, maana mimi ni fundi. Kazi chafu kuliko zote maishani mwangu niliifanya kwa unadhifu.

Ndipo waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakauchukua mji. Kitu cha kwanza walichotaka ni magari. Kamanda aliyekuja kwetu alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake. Akasema lori ni la mapinduzi, na dereva pia. Baba akapanda bila kuitwa.

“Hii camion ni yangu,” akasema. “Na chauffeur ni wangu. Nitakwenda nabo.”

Wakapakia magunia ya mchele, madumu ya mafuta, na wapiganaji juu yake, wakiimba, zaidi ya thelathini. Nilishika barabara ile ile ya Bafwasende. Sikutazama mbele; niliendesha kwa makalio, nikisikiliza chuma chini yangu. Saa nane mchana tukaingia katika shimo la kawaida, shimo nililolipita mara ishirini. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Chasi ilikatika pale kwenye springi; nyuma ya lori ilikaa shimoni, mbele ikainuka, na mimi na baba tukajikuta tunatazama matawi ya miti. Kijana mmoja alivunjika mkono. Wengine walisimama kando wakijipangusa.

Kamanda akainama kuangalia. Akaingiza mkono katika ule mvunjiko na kuvuta. Likatoka tambara refu, jeusi kwa lami, la kitenge cha mama yangu.

“Nani alifanya hii?” akauliza. “Hii si kutu. Hii ni sabotage, kuharibu kwa makusudi. Mulijua itabeba bapiganaji.”

Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Lami ilikuwa bado chini ya kucha zangu. Nikaiweka mikono mfukoni.

“Ni mimi,” baba akasema. “Mi njo nilipaka. Huyu hajui kitu, ye ni chauffeur tu.”

Wakamlaza barabarani. Sitaandika walichomfanya; nitaandika nilichofanya mimi. Nilitazama gurudumu. Nilihesabu nati zake, na rangi ya kijani ilikuwa bado imeshika kwenye baadhi yake. Walipochoka, kamanda akaniambia niende zangu, na baba wataenda naye kambini kuulizwa. Nikaenda. Nilitembea siku mbili hadi Kisangani, na kila kijiji waliponiuliza yuko wapi mzee wa kofia, nilisema amebaki na gari. Mama naye nilimwambia hivyo hivyo.

Alirudi siku ya tisa, akishikiliwa na mtu asiyetujua. Mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki tena, na sikio la upande huo lilikuwa limekufa. Kwa siku nyingi nilimkanda kwa maji ya moto, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Kisha asubuhi moja, mama ameenda sokoni na pondu zake, nikasema.

“Papa, nilijua. Siku ile chini ya camion. Niliweka kidole, ikaingia. Nilijua itavunjika.”

Aliuinua mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauweka kifuani.

“Ulitoka pale chini na uso ya mutu ameona maiti,” akasema. “Nilikuona. Nikajua tundu hii haizibwe. Lakini nilitaka ile camion.”

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa laana, na ningeibeba kwa shukrani. Nikaanza kusema tena, kuhusu barabarani, kuhusu mikono niliyoificha mfukoni wakati yeye anasema, “Ni mimi.” Baba akajigeuza polepole, akalalia lile sikio lake zima, akaniachia lililokufa.