Video ya Bibi na Salfa ya Baba Mdogo

Bibi aliniita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, ila wangu alikuwa na madai. Siku moja nilimrekodi kwa simu akimenya mihogo nyumbani kwetu Newala. "Mume gani wewe, huna hata kuku! Weka hilo lisimu, lete kuni." Dakika sita za kutukanwa. Miezi miwili baadaye akafariki, na zile dakika sita ndizo pekee tulizobaki nazo.

Mama aliniomba kitu kimoja tu: siku ya arobaini, ndugu wa Mkunya na Tandahimba wakija, wamwone mama yake akiongea.

Simu yangu ilijaa vichekesho, hata salamu haiingii. Nikaikopi video kwenye kompyuta ambayo baba mdogo huhariria harusi, niipunguze uzito, kila ndugu aondoke nayo. Ndani mna kadi ya picha, kifaa chenye kumbukumbu yake, kinachobeba maelfu ya picha bila kumsumbua bosi, yaani ubongo wa kompyuta. Kazi ya saa nzima ikaisha kabla ugali haujaiva. Ikaandika: imekamilika. Nikaangalia sekunde chache za mwanzo, bibi yupo. Nikafuta ya kwenye simu. Nikafuta na ile ya asili kwenye kompyuta, maana diski ilijaa maharusi. Nilijiona injinia.

Siku yenyewe, baada ya dua, nikaiwasha kwenye televisheni. Bibi akatabasamu, kisha shavu lake likawa mraba wa kijani. Halafu pua. Halafu uso wote ukawa vigae. Sauti ikaendelea, safi kabisa, ikinidai kuku. Hakuna aliyecheka.

"Umemfanya nini mama yangu?" mama akauliza, taratibu. Heri angenichapa.

Kesho yake nikaipeleka kompyuta Masasi kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akaifungua, akanusa. "Dogo, hii mmeipulizia kama mkorosho?"

Baba mdogo hulaza mifuko ya salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, chumba hichohicho kila msimu. Kwetu hakuna anayeshangaa, salfa ni kama ndugu. Vumbi lake lilikula miguu ya shaba ya kadi, ikawa myeusi.

"Kumbukumbu ya kadi ilikuwa inakosea," fundi akasema. "Moja inageuka sifuri, kazi inaendelea. Kadi za bei mbaya hubeba namba za ziada za kujikagua. Ikikosea inajisahihisha, ikishindwa inapiga kelele. Hii yenu hata haijui kama imekosea."

"Mbona sauti imepona?"

"Sauti haikupita kwenye kadi. Ile ya asili iko wapi?"

"Niliifuta," nikakiri. Fundi akajaribu kuifufua, ila juu yake baba mdogo alishaandika harusi mbili. Na simu? Nilishaijaza vichekesho vipya.

Nyumbani nikamweleza mama yote, hadi namba za ziada. Alisikiliza, akachukua simu yake, akaiwasha ile video ya vigae niliyomrushia na kuilaza simu kifudifudi mkekani. Tukamsikiliza bibi hadi mwisho.

"Mama, naweza kuitoa picha kabisa, ibaki sauti peke yake."

"Mwanangu," akasema, "usifute kitu tena."