Makombo Hayakutokota

Juzi nikiwa Bungoma kwa rafiki yangu, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umeficha ua mzima, nilisikia nguruwe akisukuma karai tupu kwa pua, bati likikwaruza saruji. Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa Kitale tena, mtoto wa miaka kumi, mikono ikinuka mafuta na maji ya kabichi.

Nguruwe sita walikuwa mali ya Baba, lakini mlezi wao alikuwa dada yake, Shangazi Nekesa, aliyetoka kwenye ndoa yake Kamukuywa na begi moja. Baba alimpa chumba kando ya banda. "Ukichunga hawa vizuri, hapa ni kwako." Mama alianza kuhesabu vijiko kila baada ya chakula.

Mwezi wa saba, baridi ya Kitale huingia mifupani. Shangazi aliwatandikia nguruwe majani makavu ya mahindi, akaziba nyufa kwa magunia, na kila jioni tulichemsha makombo ya hoteli za mjini.

"Yatokote mpaka kabichi ipotee," aliniambia. "Kwani wewe unaweza kula kitu haijaiva?"

Siku moja alikwenda kutafuta pumba, akaniachia moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi uliniliza, vidole vilikufa ganzi. Makombo yalipotoa mvuke kidogo nikaona yanatosha. Niliwamwagia, nikakimbilia jikoni kuota moto, nikijiona mjanja.

Shangazi aliporudi aliokota kipande cha kabichi kwenye hori, akakivunja. Kilikuwa kigumu. "Umechoka, mama," akaniambia. "Enda ukule." Nilidhani hajagundua.

Wiki iliyofuata nguruwe walikataa chakula. Masikio yao yaligeuka zambarau, wakalaliana kwenye kona, wakafa wote. Daktari wa mifugo alisema ugonjwa uliingia na makombo ambayo hayakuchemshwa.

"Si wewe ndio mwenye kuwajua?" Mama akamwambia Shangazi. "Ati mpaka majina umewapea."

Baba akauliza ni nani alikuwa akipika. Nilificha mikono mgongoni.

"Ni mimi napikanga," Shangazi akasema.

Baba akamwambia atafute kwingine.

Alipanga nguo zake polepole. Aliniita nimshikie begi, zipu ilikuwa imekwama. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama nina jambo lolote shuleni. Nilijibu nikitazama sakafu, nikifikiri ananibembeleza tu kwa kuwa anaondoka. Leo nina umri aliokuwa nao, na najua kwamba zipu ile haikuhitaji mikono minne. Alikuwa akinisubiri niseme. Angenisamehe kabla sijamaliza sentensi, na hilo ndilo linalonichoma.

Alipita sebuleni kuaga. Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Shangazi akanishika kichwa, akatoka kwenye manyunyu.

"Funga mlango," Mama akaniambia. "Baridi inaingia."

Nikafunga.