Namba Mbili za Fundi Sosthène

Mwaka wa sabini na saba, ukipeleka redio yako kwa Fundi Sosthène pale Bwera, ilibidi uvumilie tabia yake moja. Mafundi wengine wakishapima umeme wa redio huandika namba moja nyuma ya kifuniko, basi. Yeye aliandika mbili kwa chaki: volti za redio ikiwa kimya, na volti za redio ikipiga kelele kwa sauti ya mwisho, mpaka wauza samaki wa jirani wakaziba masikio. Watu walimcheka. Walisema mzee anahesabu kwanza kwa Kifaransa, halafu anarudia kwa Kiswahili. Tusiwalaumu, hawakuwa na habari.

Sosthène alitoka Beni mwaka wa sitini na nne, wakati wa maasi. Alivuka mto Lubiriha, ulio mpakani, na mkewe Laurentine, na mita ya kupimia umeme ikiwa imeviringishwa katika kitenge. Laurentine alitaka wabebe sufuria kubwa. Mita ikashinda, na mama huyo hakuacha kumkumbusha mumewe kila alipokwenda kuazima sufuria kwa majirani. Lakini mita ile aliachiwa na Mgiriki aliyemfundisha kazi, na kwake mshale wake ulikuwa shahidi asiye na ndugu wala adui. Ukisema kumi na tatu, ni kumi na tatu.

Bwera walimpokea vizuri. Kinande chake na Lhukonzo yao ni lugha za kuelewana, na redio mbovu hazikukosekana. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: karatasi yake ya ukimbizi. Aliitembeza mfukoni imekunjwa mara nne, akijua kwamba askari yeyote akikasirika anaweza kuichana, na yeye arudishwe ng'ambo ya mto. Kwa hiyo alijifunza kutoomba chochote kwa mtu mwenye bunduki. Hata njia hakuomba, alizunguka.

Mwaka wa sitini na nane aliitwa na Bulandina, nesi wa zahanati ndogo juu kule Mahango. Zahanati ilikuwa na redio ya kuita gari la wagonjwa kutoka Kasese, maana barabara iliishia chini ya mlima na simu haikuwapo. Redio hiyo ilikuwa inasikia vizuri, lakini Bulandina akisema, Kasese hawapati kitu. Naye alikuwa na haraka. Mbambu, mke wa mkulima mmoja aitwaye Syahuka, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kujifungua. Watoto wawili wa kwanza walimfia tumboni, na wa pili nusura aondoke naye. Bulandina alimweleza fundi waziwazi kwamba safari hii, uchungu ukianza tu, anataka gari liwe linapanda kutoka Kasese. Bila redio mama huyo hana lake.

Sosthène akafungua kazi. Redio ilikula umeme kutoka kwenye kisanduku kilichopokea umeme wa jenereta na kuutoa ukiwa volti kumi na tatu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Akagusisha nyaya za mita. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye kumi na tatu, haukutikisika.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Miaka ile milimani hapakuwa na utulivu, na jeshi lilikuwa limeweka kizuizi chini ya mlima. Amri ilikuwa kwamba kitufe cha kusemea kisibonyezwe ila na nesi, na kwa ajili ya mgonjwa tu. Mwingine yeyote, au sababu nyingine yoyote, aende kwanza kizuizini kwa Afande Ojara apewe ruhusa. Bulandina alinyoosha mkono kwenye kitufe, akamwuliza fundi kama abonyeze ili apime vizuri. Sosthène aliigusa ile karatasi mfukoni.

"Hapana, Sista. Tusijitafutie mambo. Umeme iko muzima. Ugonjwa iko mu redio."

Alijua, na hilo ndilo lililomla baadaye, kwamba redio inaposikiliza inakula kidogo, na inaposema inakula mara nyingi zaidi. Mgiriki alimwambia zamani kwamba umeme hupimwa mzigo ukiwa mgongoni. Alijua, akaogopa, akajiambia kwamba shahidi wake amekwisha kusema. Redio ikafungwa kwenye sanduku la mbao, ikapelekwa Kampala kwa mafundi wa redio za aina hiyo.

Mbambu hakungoja mwezi uishe. Uchungu ulimshika alfajiri, redio ikiwa bado Kampala, na kufika saa nne damu ilikuwa haikamatiki. Wanaume walimweka kwenye machela wakashuka naye mbiombio wakipokezana, Syahuka akiwa mbele muda wote, akikataa kupokewa. Mbambu alikata roho kabla hawajaiona barabara. Mtoto hakulia.

Wiki mbili baadaye sanduku lilirudi na barua fupi: redio ni nzima, haina ubovu wowote. Bulandina alimtumia fundi barua hiyo bila kuongeza neno lake. Sosthène aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kesho yake aliamkia kizuizini. Karatasi yake aliitoa mwenyewe kabla ya kuulizwa, akaomba ruhusa ya kubonyeza kitufe. Ojara hakuitazama hata karatasi. Alimpa ruhusa, kisha akamwuliza kwa nini ile mara ya kwanza hakupita.

"Niliogopa, afande."

"Wewe mjinga. Ungeuliza tu. Mimi nilikatalia nani?"

Kule juu Bulandina alibonyeza, na Sosthène akatazama mita. Mshale ulianguka kutoka kumi na tatu hadi saba. Akamwomba aachie: kumi na tatu. Abonyeze: saba. Alifungua kisanduku, akaona waya mmoja umeachia solda, ile risasi ya kuunganishia, umeshikilia kwa ncha tu. Umeme wa kusikilizia ulipita hapo. Wa kusemea ulikwama. Alichoma solda upya. Kazi yote haikufika nusu saa, na alipoimaliza alilia mbele ya Bulandina bila kujificha.

Angeweza kunyamaza, na Bulandina asingesema. Lakini alikwenda hadi shambani kwa Syahuka, akamkuta analima mihogo, akamwambia yote: mshale, karatasi, amri, waya. Hakuruka hata kile kitufe alichokatalia. Syahuka alisikiliza ameegemea jembe.

"Kubonyeza ile kitu, ingekamata muda gani?"

"Pumzi moja, muzee."

Syahuka alitikisa kichwa polepole, akarudi kulima. Sosthène alisimama pembeni ya shamba mpaka jua likamchoma, akitamani hata kupigwa. Alipoona hapigwi, akaenda.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akifunga vyombo vyake zahanati, Syahuka alitokea mlangoni. Hakusalimia. Alisema anataka kuisikia ile redio. Bulandina alimtazama fundi, fundi akawasha jenereta, akaunganisha mita ili apime kama alivyotakiwa kupima siku ya kwanza. Syahuka akasogea mpaka karibu kabisa na mshale. Nesi akabonyeza, akaita Kasese. Mshale ulishuka kidogo tu, ukasimama kwenye kumi na mbili na nusu.

Alipoachia, Kasese wakaitika palepale. Sauti ya mwanamume ilijaa chumba, nzima kabisa, ikasema wanampata vizuri sana, na gari lipo uani, dereva yupo. Ikauliza mgonjwa ni nani, waje kumchukua.

Bulandina aliondoa mkono kwenye kitufe, akamgeukia Syahuka. Sauti ikauliza tena. Ndipo Syahuka akainama kwenye chombo, akabonyeza kitufe mwenyewe, na hakuna aliyemkumbusha amri.

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Alishaenda."