Bluu Iliyokoza

Fundi rangi aliamka amechoka, akaingia kazini amechoka, na kufika saa nne asubuhi hata kuchoka kwenyewe kulikuwa kumemchosha. Usimcheke. Miaka thelathini na moja ya kuinamia vyuma vya watu si mchezo. Mgongo ulikuwa haumtaki tena, magoti yalilia kila akichuchumaa, na macho, aka, hayo hakutaka hata yatajwe. Mkewe aliwahi kumwambia waende hospitali yakaangaliwe, akajibiwa, "Kwani yamepotea? Niache, mama!" Ukweli ni kwamba aliogopa. Fundi mwingine akiishiwa nguvu hutafuta mtu wa kumbebea vyuma. Fundi rangi akiishiwa macho, kazi imekwisha, na yeye kazi nyingine hakuijua.

Siku hiyo alikuwa na pikipiki ya mkunga. Mwanamke yule hushinda kwenye njia za kokoto akifuata wajawazito, na kokoto zilikuwa zimeibandua rangi ya fremu vipande vidogovidogo, kutu ikaanza kuchungulia. Fremu ilikuwa ya bluu iliyokoza.

"Nitaifuata saa kumi, fundi. Usinizungushe."

"Mimi na kuzungusha watu wapi na wapi?"

Akaketi kwenye kigoda. Kila palipobanduka alikwangua kutu kwa ncha ya kisu, akapitisha msasa laini, akafuta vumbi, akapaka rangi ya chini, akangoja ikauke. Kisha akanyoosha mkono rafuni. Makopo yake aliyajua kwa mahali yanapokaa, bluu la tatu kutoka ukutani, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsitiri. Wiki iliyopita alikuwa amepachika kopo la kijivu pale mwanzo kabisa, asikumbuke kwamba mengine yote yamesogea. La tatu sasa lilikuwa jeusi. Alilifungua, akachungulia, akaona giza lilelile analoliona siku zote.

Akajaza madoa yote kwa brashi ndogo, tabaka tatu nyembamba. Kazi safi, jamani! Ungepitisha kidole usingehisi kitu.

Saa tisa mkewe akaleta chai.

"Rangi imeingia? Imefanana na ya fremu?" fundi akamuuliza.

Mkewe akaitazama pikipiki, akamtazama mumewe. "Imeingia, baba."

Mwanamke huyu hajawahi kuisifu kazi yake bila kuitia dosari. Siku zote atasema hapa umeruka, pale imechuruzika. Leo kaitika tu, kama anayembembeleza mgonjwa. Fundi angeweza kujitia hamnazo. Mkunga asingegombana na mzee. Angeshukuru, angeondoka zake, na kazi ingeendelea hivyo hivyo. Lo, alivyotamani kujitia hamnazo!

"Mke wangu, niambie kweli. Hayo madoa yana rangi gani?"

Mkewe akainamia sinia la chai.

"Nakuuliza wewe."

"Meusi."

Akaiweka brashi chini. Hakukasirika, nguvu za kukasirika angezitoa wapi? Mara mkunga huyo, mkoba begani, akaingia na kusimama mbele ya pikipiki. Fundi hakumpa nafasi ya kusema uongo wa heshima.

"Nimekuharibia, mama. Nimepaka nyeusi badala ya bluu. Sikuiona. Mke wangu atanichagulia kopo, nami nitarudia yote. Njoo kesho."

Mkunga akapitisha kidole kwenye fremu. "Mzee wangu, mbona hata si kitu."

"Ni kitu," fundi akasema.

Mkunga alipokwenda, fundi alirudi kigodani, chai hata hakuigusa. Mkewe alisimama palepale, sinia mkononi, hajui aliweke wapi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponipakia mlango wa chumbani."

Mlango huo aliupaka miaka miwili iliyopita, mkewe alipotoka kulazwa hospitali. Aliuchagulia mwenyewe dukani, si rafuni kwake, ile bluu aliyoipenda mkewe tangu ujana wao, ili kila akiamka aione, na mkewe alipoonyeshwa alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

"Mlango una rangi gani?" fundi akauliza.

Mkewe alijikaza asilie, wapi.

"Mweusi, mume wangu," akasema. "Mweusi tii."