Saa ya Ng'ambo

Mdogo wangu Ambilikile alijifunza kompyuta peke yake, hapahapa kwenye duka langu la vitenge Tunduma, huku akitengeneza simu za watu na kubishana na mimi. Kichwa ngumu huyo! Nikimwita aje ale, ananijibu, "Dada, subiri kidogo." Kidogo chake kilimaliza mwaka.

Alikuwa anatunga programu ya kuwapelekea wakulima wa kahawa wa kwetu Ileje bei ya sokoni kwa meseji. Mwaka 2014 likatangazwa shindano, mshindi anasomeshwa bure Dar. Kwetu nani angemsomesha? Sharti lilikuwa kuipandisha kazi kwenye ghala la mtandaoni, Git wanaiita, linalotunza kila badiliko pamoja na saa lilipoingia. Mwisho saa kumi na mbili jioni.

Siku ya mwisho mvua ikanyesha, mtandao ukagoma. Kazi inapanda, inakaribia kufika, inakatika, inaanza upya. Mimi na vitenge vyangu ningemsaidia nini? Nikabaki kusema pole, pole, mpaka akanikaripia.

Akafanya tunachofanya wote hapa mpakani: akachomeka laini ya Zambia kwenye simu, akaiunganisha na laptop yake ya mtumba, ambayo saa yake ilishakufa zamani. Mtandao ukaja. Akatazama simu.

"Dada, bado nina saa nzima!"

Akaanza kuikagua kazi tangu mwanzo, akarekebisha hapa, akafuta pale, kwa raha zake. Ndipo akaituma. Ikapanda yote kwa mkupuo. Tulikumbatiana, nikapiga vigelegele hadi jirani akachungulia.

Redio ya jirani huyo ikasema, "Ni saa moja kamili usiku."

Simu ikishika mtandao wa Zambia, saa yake inarudi nyuma lisaa lizima. Hata mtoto wa Tunduma analijua hilo! Kutwa tunaulizana, saa ya Bongo au ya Zambia? Siku hiyo hatukuulizana. Laini ilipokubali, dakika chache zilikuwa bado zipo. Angeituma palepale, ingewahi.

Aliwapigia waandaaji, wakamwambia pole. Hiyohiyo pole yangu.

Ambilikile akatoka, akasimama kwenye mvua akitazama geti la mpaka. Ng'ambo, watu wa Nakonde walikuwa wanafunga maduka. Kwao ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na mbili.