Goti la Rafiki Yangu

Nilikuwa kidato cha tatu, kwenye shule ya bweni huko Handeni, na rafiki yangu wa karibu alikuwa binti wa wafugaji. Kwao walizungumza Kimaa, kwetu Kizigua. Baba yangu alilima mahindi na ufuta huko Kabuku, na kila ng'ombe walipoingia shambani alikuwa akisema Wakwavi, ndivyo alivyowaita wafugaji wote, hawana kwao. Bibi yake rafiki yangu alizaliwa kwenye mbuga zilezile za Handeni, akazikwa hukohuko.

Sote wawili tulikuwa wakimbiaji. Yeye ndiye aliyekuwa mkimbiaji hasa, mimi nilikuwa nikimfuata tu nyuma.

Mwaka huo mashindano ya shule yalifanyika Korogwe. Katika mbio ndefu alituacha mbali tangu mzunguko wa pili, na hapo watazamaji wa upande wa barabarani wakaanza kumlilia mlio wa ng'ombe. Mmoja alianza kwa utani, wengine wakaitikia, mpaka uwanja mzima ukawa unalia. Watu wazima walikuwemo, na walimu nao walicheka. Alimaliza wa kwanza, mimi wa pili. Nilipomkuta anahema kando ya mstari nilimwambia, "Usiwasikilize."

"Nimewasikia," akasema.

Kesho yake yakasomwa majina ya watakaokwenda mkoani. Langu lilisomwa, lake halikusomwa. Mwalimu wetu wa michezo alikwenda kuuliza, akarudi ameinamisha kichwa. Alitueleza kwamba kamati ya mashindano imeona nafasi ziwaendee wenyeji, maana wafugaji ni watu wa kupita. Leo wapo, kesho wamehama.

Jioni ile, katika bweni la wasichana tulilopewa hapo Korogwe, nilimsimulia jambo nililoliona likizo kwenye simu ya kaka yangu. Wachezaji weusi wa Marekani, wa mpira ule wa kubeba mikononi, walikuwa wanapiga goti moja wakati wimbo wa taifa lao unapigwa. Kaka alinieleza kwamba wanalalamikia watu weusi kuuawa na polisi na kuonewa katika nchi yao wenyewe.

Aliniuliza, "Wakapata walichotaka?"

"Sijui. Kaka alisema kuna waliofukuzwa timu."

Akasema kesho wakati wa kufunga mashindano naye atapiga goti. Nikamwambia tutapiga wote.

Siku ya kufunga tulipangwa kwa mistari mbele ya turubai la mgeni rasmi. Jua lilikuwa kali. Wimbo ulipoanza kwenye spika alishuka taratibu kwa goti moja, mikono juu ya paja, akiitazama bendera. Nami nikashuka kando yake. Kokoto zilinichoma gotini.

Waliokuwa karibu walidhani tumezidiwa na jua. Mama mmoja wa huduma ya kwanza alikuja mbio na chupa ya maji, akanimwagia kichwani. "Pole mwanangu, hujanywa chai?" Nikamwambia siumwi. Msichana wa mstari wa nyuma akanong'ona, "Wanaomba msamaha wa nini?" Hakuna aliyeelewa. Ni mwalimu wa michezo peke yake aliyeelewa, akatujia na kusema kwa sauti ya chini, "Simameni, wanangu. Mnaniponza." Hatukusimama mpaka wimbo ulipokwisha.

Tuliporudi shuleni tuliitwa ofisini. Mkuu wa shule alimwuliza yeye kwanza kwa nini ameidharau nchi.

"Sikuidharau, mwalimu," akajibu. "Kwetu mtoto humwinamia mkubwa anayemheshimu, hamwinamii mtu asiyemheshimu."

Akaulizwa nani kamfundisha. Nikawahi kujibu, "Wazo lilikuwa langu, mwalimu. Mimi ndiye niliyemwambia." Nikaeleza yote, ya simu na ya kaka. Mkuu wa shule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Wewe tunawajua wazazi wako. Umeponzwa na huruma yako." Nilirudia kwamba ni mimi. Akaniambia ninyamaze, nisijiharibie.

Mimi nilichapwa viboko na jina langu likafutwa kwenye timu. Yeye alifukuzwa shule.

Baba yake alikuja siku ya pili, mzee mrefu, fimbo mkononi. Walimwita mlinzi wa shule, naye msemaji wa Kimaa, amtafsirie, ingawa alizungumza Kiswahili vizuri kuliko mlinzi. Aliuliza jambo moja tu: "Binti yangu amemuumiza nani?" Akaambiwa uamuzi umeshapita. Wakalifunga sanduku kwenye bodaboda. Rafiki yangu alinipa mkono kama watu wazima wanavyoagana. Nililia mimi, yeye hakulia.

Baba yangu naye alipopata habari hakunikaripia. Alisema tu, "Sasa umeona faida ya goti lako?"

Nilimaliza shule. Nikawa mwalimu, na nafundisha huku Korogwe. Juzijuzi nilikwenda Handeni siku ya mnada nikamwona amekaa na wanawake wenzake, anauza maziwa, mtoto mgongoni. Nilimwamkia, akanitazama kwanza ndipo akacheka. Tuliulizana habari za wazazi. Baba yake alikwishafariki. Boma lao lilikuwa limeambiwa liondoke baada ya ugomvi wa mashamba, na wanaume walikuwa wakitafuta pa kwenda.

Nikamwambia, "Nilisema ni mimi. Nilisema mara mbili."

"Najua. Nilikuwepo."

"Hawakuniamini."

"Wangeaminije?" akasema, bila hasira, huku akimpimia mteja maziwa. "Walikuwa wanamtafuta mtu, na mimi nilikuwa nimesimama palepale."

Aliniuliza kama nimezaa. Nikasema wawili. Akanijazia chupa ya maziwa, akakataa pesa. Mwezi uliofuata nilipokwenda tena, wanawake wale hawakuwepo. Niliuliza kwa muuza chumvi, naye akasema wamehama, hajui kuelekea wapi.