Mdogo wangu anamngoja maman mbele ya televisheni

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko mwaka wa nne wa sekondari hapa Bukavu. Nyumbani tuko watatu: papa, anayefanya kazi ofisini Ibanda, mimi, na mdogo wangu wa miaka minne. Nitamwita Mugisho, ingawa si jina lake. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Ndiyo maana ninaandika.

Maman wetu alifariki miezi saba iliyopita. Siku ya mazishi shangazi alimpeleka Mugisho kwa jirani, akatuambia, "Huyu iko mudogo. Mumuambie maman alienda safari." Kwetu watoto wadogo huambiwa hivyo. Sikuona ubaya. Sikulia pia. Mpaka leo sijalia, na sijui kwa nini.

Wiki iliyofuata Mugisho aliniuliza, safari ya wapi? Nilikuwa ninasoma, nikajibu bila kuinua macho, "Kinshasa." Akauliza Kinshasa iko wapi. Nikamwonyesha televisheni kwa kidole. "Hawa batu bote unaona humu, beko Kinshasa." Kisha nikaendelea na kitabu changu.

Tangu hapo, kila jioni televisheni inapofunguliwa, yeye yuko mbele yake. Katuni hazimpendezi. Anangoja wale wamama wanaocheza kwa mistari na kuliimbia taifa, wote wamevaa kikwembe, kitenge cha aina moja. Anasimama pua ikikaribia kugusa kioo, anapitisha kidole kwenye uso wa mmoja mmoja. "Yaya," ananiita mimi dada yake, "si huyu. Si huyu." Umeme ukikatika, anauliza kama maman naye ameachwa gizani.

Watoto wa jirani, ambao huja kutazama kwetu, wamegundua. "We, maman yako iko mu kisanduku! Umuite basi atoke!" Wanacheka mpaka wanaanguka. Yeye anamwita kweli.

Kisha mwalimu wa shule ya watoto wadogo alimwita papa. Alisema Mugisho hachezi na wenzake, anasinzia mezani, macho yake ni mekundu. Papa akaweka sheria: nusu saa kwa siku, akae mbali, kwenye kiti, na kuzima iwe kazi yangu. Siku ya kwanza nusu saa iliisha kabla wale wamama hawajatokea. Nikazima. Hakulia. Aliniuliza polepole tu, "Yaya, juu ya nini unamufungia maman mulango?"

Niliwasha tena. Papa alipoingia, saa mbili zilikuwa zimepita na sisi sote wawili tulikuwa tumesimama pale.

"Wewe mutu wa masomo," papa akasema, "kitu kidogo hivi kinakushinda?" Kisha akasema mwaka wa shule ukiisha, tonton, ndugu yake, atakuja kuichukua televisheni, na haitarudi. Nilikuwa sijawahi kumjibu papa. Siku ile nilimwambia, "Papa, anamungojea maman humo."

Papa alichukua taulo lake. "Alisafiri," akasema. "Ni hivyo tulisema." Akaenda kuoga.

Ninapika, ninafua, ninapata alama nzuri darasani. Ninafanya yote hayo kama mtu anayetembea ndani ya maji. Lakini siku ya tonton inakaribia. Nikinyamaza, Mugisho ataona maman akipakiwa kwenye gari na kuondoka mbele ya macho yake. Nikisema, nitakuwa nimevunja neno la papa, na mimi ndiye niliyemweka maman ndani ya kile kioo. Nimetafuta katika vitabu vyangu vyote jinsi jambo hili linavyoelezwa kwa mtoto wa miaka minne. Sikupata.

Ninyi wazazi, na hasa ninyi ambao utotoni mliambiwa maman amesafiri, ninawaomba mniandikie. Mlitaka nani awaambie? Kama ni mimi, nianze na neno gani?